Pindo la Shaba

Kabati la kioo lilikuwa tupu. Watangazaji, makarani na wafagizi wa kituo cha redio walikuwa wamelizunguka midomo wazi, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Miaka thelathini na saba kile kinanda kilikuwa hapo penye mlango wa kuingilia, na kila mgeni alisomewa kibao chake: chombo cha kwanza nchini kuimba kwa umeme, bila uzi, bila ngozi, bila pumzi ya mtu, kilichobuniwa na Mhandisi Mkuu wa kituo. Ndicho kilichotoa ule mlio wa sauti saba unaofungua taarifa ya habari, ambao hata mtoto wa kunyonya anaujua. Keshokutwa, Jumamosi, Mhandisi angevishwa nishani kwa sababu yake. Sasa ndani ya kioo lilikuwamo vumbi tu.

Inspekta alilipenda vumbi. Askari wenzake walimwita Kobe akiwa mbali, kwa jinsi anavyochukua muda kufika mahali, na yeye alijua na wala hakujali. Alichuchumaa, akatoa mfukoni futikamba ya fundi nguo aliyoachiwa na marehemu mama yake, akapima alama safi iliyobaki katikati ya vumbi. Sentimita themanini na nne kwa thelathini. Akaandika. Alipoinua macho, usawa wa pua yake ulikuwa mguu wa suruali ya Koplo.

Koplo, baba wa watoto wanne na mtu mzito, alikuwa amepewa suruali ndefu kule stoo akaipunguza mwenyewe kwa mkasi. Nyuzi zilikuwa zikining'inia hadi kwenye kiatu.

"Umekata, hukukunja," Inspekta alimwambia. "Nguo isiyo na pindo haikai, Koplo. Mwezi ujao utakuwa umevaa kaptula."

Koplo akasema afande, tumekuja kwa mwizi au kwa suruali. Inspekta akarudi kwenye kufuli.

Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili tu duniani: mmoja umefungwa kwa mnyororo kiunoni mwa mlinzi, ambaye alisema hata akioga hauvui, na mwingine ni wa Mhandisi. Kufuli lilifutwa, ukingo wa ndani wa kioo ulifutwa. Lakini kwa nje, juu ya kioo, alama za viganja viwili vya mtu zilikuwa zimeganda wazi, vidole vyote kumi.

Vya nani, kila mtu alijua. Mlinzi alieleza kwamba jana alasiri aliingia mama mmoja aliyevaa sare ya uuguzi, mkononi ana mfuko mkubwa wa nguo. Akalipiga kabati kwa viganja, akasema mbele ya watu sita kwamba kinanda kile ni cha mama yake na kwamba hakitakaa humo hadi Jumamosi. Asubuhi kabati likakutwa tupu, na kabla ya saa mbili muuguzi alikuwa amekamatwa wodini, mbele ya wagonjwa wake. Mkuu wa polisi alikuwa ameshapiga simu mara mbili: mwanamke huyo afikishwe mahakamani saa tisa alasiri, kesi iishe, sherehe iendelee. Sasa ilikuwa saa nne.

Koplo aliona kesi imekwisha. Inspekta alimuuliza ni mwizi gani afute kufuli, afute ukingo wa ndani, halafu asahau viganja vyake mwenyewe kwenye kioo. Koplo akasema labda alikuwa na haraka.

"Mwenye haraka hafuti kabisa," Inspekta alisema.

Hapo ndipo Mhandisi alipoingia, mzee wa karibu miaka themanini, fimbo mkononi, macho mekundu. Alikuwa amestaafu zamani, lakini kituo kilikuwa kimemwachia ofisi kwa heshima. Inspekta alimwamkia shikamoo, akampa pole. Mzee alisema wamemuua akiwa hai. Ufunguo wake, alisema, uko nyumbani kwenye saraka, hajaugusa miaka. Inspekta aliuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, ikiwa Jumamosi kinanda kingetazamwa au kingepigwa. Katibu muhtasi wa kituo akajibu haraka kuliko mzee: kingepigwa, kwa sababu Jumanne ililetwa barua, mwanamuziki mgeni mwalikwa aliomba akipige mbele ya watu wote. Mhandisi alisema ingekuwa siku kubwa, akaomba kiti.

Muuguzi alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, sare yake bado nyeupe. Hakuuliza habari za kinanda. Aliuliza saa.

"Mama yangu yuko peke yake tangu alfajiri," alisema. "Ana kiharusi, haongei, hawezi hata kujimiminia maji. Nikifunguliwa mashtaka leo, hospitali inanisimamisha leo leo. Nani atamtunza? Hana mtoto mwingine, na mimi sina ndugu mwingine."

Mengine aliyaeleza taratibu. Mama yake aliajiriwa redioni kushona mapazia, yale mazito ya kwenye studio yanayomeza mwangwi. Vitabu vya kituo vilimwandika hivyo hadi siku ya mwisho: mshona mapazia. Lakini nyuma ya chumba cha mapazia aliokota redio zilizokufa, akajifunza kulehemu kwa kuwatazama mafundi, na miaka mitatu akiwa anashona mchana huku anaunganisha waya saa za chakula, akaunda chombo kinachoimba. Mafundi walimcheka na kumwita Bi Mapazia. Baadaye kituo kilipopunguza wafanyakazi, yeye alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Muuguzi alionyeshwa michoro akiwa mtu mzima, akaambiwa kwa ufupi, na kabla hajauliza zaidi kiharusi kikaja, miaka mitatu iliyopita. Jumatano alisoma gazetini habari za nishani. Damu ikamchemka, akaenda. Mfuko ulikuwa na sare za kufua.

Inspekta aliuliza kama mama aliwahi kukipiga nyumbani. Muuguzi akasema kingepigwaje nao walikwishakichukua. Kisha akacheka kidogo, cheko la uchovu. Alisema nyumba yao ilikuwa na kituko kimoja tu: utotoni, akirudi shule saa tisa, mara nyingi alisikia mlio wa taarifa ya habari ukitokea kwao, akatimua mbio akidhani saa ya habari imefika naye amechelewa. Akiingia anakuta redio imezimwa. Mama yake alimwambia ni redio ya jirani.

Inspekta aliliandika hilo, kisha akaagiza gari. Sheria inataka mwenye nyumba awepo nyumba yake ikipekuliwa, alimwambia Koplo. Koplo alijua vizuri kwamba safari hiyo ni kwa ajili ya mama mgonjwa, akaenda kuwasha gari.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Bibi alikaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, shuka magotini, mwembamba, macho makali. Kikombe kilikuwa kimedondoka sakafuni pembeni yake, na hakuwa ameweza kukiokota. Muuguzi alipiga magoti akamshika mikono, na kwa muda pale hakuna aliyefanya kazi ya polisi. Kisha chai ikachemshwa, mkate ukakatwa, na kwa kuwa muuguzi alitakiwa afungue mwenyewe sanduku la nguo la mama yake, kazi ya kikombe ilimwangukia Koplo. Alimnywesha bibi kidogo kidogo, kofia chini ya kwapa, na bibi alimtazama suruali.

Inspekta alizunguka chumba. Kitanda, meza, redio, picha ya arusi. Kwenye kona palikuwa na cherehani ya miguu iliyofunikwa pazia kuukuu la kijani. Alifunua. Haikuwa na sindano wala mkanda. Nyuma ya meza yake ulitambaa waya mweusi, akadhani ni wa taa. Muuguzi alisema mama yake alitoka nayo kazini, haijashona tangu yeye yuko darasa la kwanza, na mafundi watatu walitaka kuichukua kwa vipuri lakini mama aligoma. Inspekta akaifunika.

Saa saba ilipofika, redio ikatoa mlio wa habari. Sauti mbili za chini, kisha ya tatu inayopanda polepole, inajaa nyumba nzima, inashuka, na nne za mwisho. Inspekta alikuwa akitazama chini, akaona mguu wa kulia wa bibi ukikanyaga sakafu. Muuguzi alisema ni mtetemeko wa ugonjwa, humtokea kila siku wakati wa habari. Inspekta aliendelea kuutazama. Mguu ulikanyaga kabla sauti haijajaa, ukaachia kabla haijashuka. Mtu anayefuatisha wimbo huja nyuma ya wimbo. Aliandika maneno mawili: mguu unatangulia.

Sandukuni, chini ya nguo, mlikuwa na karatasi za kaki zilizokunjwa. Zilipotandazwa mezani Koplo alisema hizi si za umeme, hizi ni za kukatia gauni, mke wake anazo. Kweli zilifanana. Mistari ya chaki, mishale, vialama vya mahali pa kuunganisha, na pembeni mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema: sahani ya chini, sahani ya juu, utepe wa kidole. Kila kipande kilikuwa na mistari miwili, mmoja mzito kwa nje na mwingine wa nukta kwa ndani. Kila karatasi ilipigwa muhuri wa stoo ya kituo, na tarehe ya muhuri ilikitangulia kibao cha Mhandisi kwa miaka miwili.

Inspekta aliipeleka karatasi ya kwanza dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga. Kwenye mstari mzito palikuwa na mfereji mwembamba, wa kalamu iliyogandamizwa. Mtu aliweka karatasi nyingine chini akanakili. Kwenye mstari wa nukta hapakuwa na mfereji wowote. Aliuliza kama karatasi hizi ziliwahi kutoka mikononi mwa mama.

"Mara moja tu, mama aliniambia. Mhandisi aliziazima saa moja ya chakula, akazirudisha."

Futikamba ikatoka tena. Mstari wa nukta: themanini na moja kwa ishirini na saba. Mstari mzito: themanini na nne kwa thelathini. Inspekta alipima mara ya pili, kisha akaketi kitandani kwa watu bila kukaribishwa. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Koplo, ambaye miaka sita hakuwahi kumwona akishtuka, aliweka kikombe chini.

Alieleza kwa sauti ndogo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na yeye alikata vitambaa kabla hajajua kusoma. Kile kiukanda cha nje si cha kuonekana. Unakata kwenye mstari mzito, kisha unakunja ndani kwenye nukta, na nguo iliyokamilika ni ya ukubwa wa nukta. Bi Mapazia alikata bati la shaba vilevile, kwa sababu ndivyo alivyojua kukata kitu chochote duniani. Kisha akakunja kingo, na lile pindo ndilo lililobana nyaya zote mahali pake. Aliyenakili mstari wa nje peke yake alipata mabati makubwa yasiyoshika kitu.

"Alama ya vumbi kule kabatini ni themanini na nne kwa thelathini," Inspekta alisema, akamgeukia muuguzi. "Sista, uliwaambia watu sita jambo lisilo la kweli, bila kujua. Kile cha kwenye kioo hakikuwa cha mama yako."

Muuguzi aligeuka kutoka mezani. Alimtazama mama yake. Bibi alikuwa amefumba macho, na chozi moja lilikuwa likishuka upande ule wa uso ambao bado ulikuwa hai.

Saa nane kamili walikuwa ofisini kwa Mhandisi, na muuguzi amekaa garini na askari wa kike, bibi akiwa ameachiwa jirani. Ukutani palijaa vyeti. Inspekta alikuwa mpole kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Alisema wanasambaza habari mipakani, wanahitaji mchoro wa kinanda, na nani ajuaye kukichora kuliko aliyekiunda? Mzee alichangamka, akavuta karatasi. Alichora vizuri, kwa rula: sahani mbili za shaba, utepe mrefu juu ambao kidole huteleza na sauti ikapanda au kushuka, kanyagio la mguu la kuongeza na kupunguza sauti.

Inspekta aliuliza kama kingo za sahani zilikunjwa.

"Zikunjwe kwa nini? Ni bati, si sketi."

"Na nyaya zilishikwa na nini, mzee?"

Kalamu ilisimama. Nje, karani alipita akiimba. Inspekta alifungua ile karatasi ya kaki, akaitandaza juu ya mchoro mpya, mstari mzito juu ya mstari wa rula.

"Ulikata, hukukunja," alisema.

Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba ufunguo wa mlinzi haujatoka kwenye mnyororo na kufuli halikuguswa na chuma kingine, kwa hiyo umebaki ufunguo mmoja. Kwamba mtu mwenye hasira aliacha viganja vyake wazi, na mtu mwenye hofu alifuta vyake. Kwamba barua ililetwa Jumanne, na Jumamosi mgeni angeweka kidole juu ya utepe mbele ya mawaziri na kamera, na ukumbi mzima ungesikiliza kimya. Kwamba yule mama aliyekuja kupiga kelele jana alikuwa bahati iliyoletwa hadi mlangoni.

"Kiliwahi kuimba?" aliuliza. "Hata siku moja?"

Mhandisi aliitazama karatasi ya kaki muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye mstari wa nukta, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza, na huenda kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Hata siku moja," alisema. "Kiko kwenye buti la gari langu, chini, nimekifunika blanketi."

Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu zilikuwa zimemchosha kabla hazijatimia. Alisema maneno yalimtoka yenyewe. Bi Mapazia alipoondoshwa, kanda iliyorekodiwa mlio wa chombo chake ilibaki, na wakubwa walipoisikia wakauliza nani ameunda kitu hiki. "Nikasema ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu." Wakataka kukiona. Akaunda cha kuonwa. Tangu hapo hakupita mbele ya kabati bila kuomba asitokee mtu wa kusema hebu kipigwe. Kile cha kweli alikitafuta mwaka mzima. Siku yule mama alipoondoshwa, Mhandisi aliamuru apekuliwe getini mpaka kwenye kikapu cha chakula.

"Na alitoka na nini?" Inspekta aliuliza.

"Bure tu. Cherehani yake mbovu, kwenye mkokoteni."

Inspekta aliinuka. Koplo alidhani wanaondoka na mtuhumiwa, kumbe mkubwa wake alikuwa amesimama katikati ya chumba, anatazama ukuta.

"Koplo," alisema, "cherehani ya miguu inataka umeme wa nini?"

Saa nane na nusu Mkuu wa polisi alipata simu ambayo hakuipenda. Hati ya mashtaka ya muuguzi ilichanwa, na nyingine ikaandikwa yenye jina jingine, kosa la kutoa taarifa ya uongo kwa polisi likiwa la kwanza. Mhandisi aliondoka na gari la pili. Pale ukumbini watu walimtazama akipita na hakuna aliyemwamkia, wala hakuna aliyemzomea. Walikuwa bado hawajaamini.

Saa tisa na robo walirudi kwenye vyumba viwili. Muuguzi aliambiwa njiani kwamba yuko huru, akashukuru kwa kichwa. Inspekta alivua pazia la kijani, akapiga magoti nyuma ya cherehani na kijibisibisi. Ubao wa juu ulikuwa na vitasa vilivyofichwa. Ulipoinuka, ndani mlikuwa na sahani mbili za shaba, kingo zake zimekunjwa pindo jembamba lililonyooka, nyaya zimebanwa ndani yake moja moja, na taa ndogo za kioo za redio za zamani zimepangwa kama vikombe kabatini. Juu yake ulilala utepe. Alipima kwa mazoea tu. Themanini na moja kwa ishirini na saba. Vumbi lilikuwa la miaka mitatu, si zaidi.

Muuguzi alishika ukuta. Alikuwa ameweka nguo za kupiga pasi juu ya kitu hiki maisha yake yote. Alisema, taratibu, kwamba haikuwa redio ya jirani.

Walisukuma kiti cha bibi hadi kwenye meza ya cherehani. Koplo alichomeka waya, akarudi nyuma haraka kama mwenye kutarajia moto. Hapakutokea kitu. Dakika ya kwanza, ya pili. Kisha taa zikaanza kuwaka wekundu hafifu, na harufu ya vumbi la moto ikajaa chumba. Muuguzi alimshika mama yake mguu wa kulia, akauweka juu ya kanyagio.

Bibi alinyoosha mkono. Mkono ulitetemeka hewani, ukagusa utepe, na kutetemeka kukakoma.

Sauti mbili za chini. Ya tatu ikapanda, ikajaa, ikashuka. Nne za mwisho. Nyumba ya pili mtu aliwasha redio akitafuta habari za saa hiyo isiyo ya habari, akaizima, akaiwasha tena. Koplo alikuwa amevua kofia. Inspekta alifungua daftari ili aandike kwamba chombo kimetambuliwa, mashahidi watatu.

Lakini kidole cha bibi hakikuondoka kwenye utepe. Baada ya sauti ya saba ilikuja ya nane, kisha ya tisa, kisha wimbo mzima ukafunguka, mrefu, wenye kupanda na kurudi, ambao hakuna mtu nchini aliyewahi kuusikia, kwa sababu aliyekata kanda aliishia pale palipomtosha yeye. Muuguzi aliketi sakafuni karibu na kanyagio, akalia kwa sauti, na mama yake aliendelea kupiga. Inspekta alisahau kuandika.